Baba Ameinuka Bila Kushikwa Mkono

S.L.P. 318,
Kitengela.
15 Juni 2025

Mpendwa shangazi yangu, Senge Nelima,

Mulembe kutoka huku kwetu. Kifua chako kinaendeleaje na hii baridi? Wanyonyi aliniambia kwa simu kwamba mahindi yako yamefika kiunoni, nikameza mate. Mimi, Elsie na watoto tuko salama, isipokuwa bomba limekauka tena na kila jioni napandisha mitungi ya maji mpaka ghorofa ya tatu.

Mitungi hiyo ndiyo iliyonipeleka judo. Usicheke. Unajua nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kajiado, kubeba simenti kutwa nzima, na mgongo ulikuwa umenikataa kabisa. Jirani akanielekeza kwa Seleyian, mama wa Kimaasai anayefundisha Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Nilidhani nitafundishwa kuangusha watu. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kuanguka vizuri na kuinuka vizuri.

"Wewe unapigana na mzigo," aliniambia. "Ulete karibu na tumbo, halafu uachie miguu kazi."

Siku hizi mfuko wa simenti naukumbatia, napinda magoti, natoa pumzi nikisimama. Jioni narudi bado niko na nguvu. Elsie ananitania eti natembea kama bwana harusi.

Sasa nije kwa lile neno lako, kwamba Agosti unakuja kumchukua Baba kwa kuwa ni aibu kaka yako kuzeekea karibu na mke wa mtoto wake. Baba ana chumba chake huku chini kwenye ploti, na Elsie haingii. Chakula humwekea mlangoni. Lakini tangu ugonjwa umdhoofishe mguu wa kushoto, akianguka mimi nikiwa kazini, nani amshike? Mwezi wa tatu alianguka mchana. Elsie akamnyooshea mkono, Baba akaukataa, maana kwa mila yetu mkwe na baba mkwe hawagusani. Wanaume wote wa ploti walikuwa kazini. Alikaa sakafuni mpaka niliporudi, na Elsie alikaa nje ya mlango akilia. Siku hiyo hata mimi niliona neno lako limeshinda. Iliniuma sana, Senge, kwa sababu daktari wake wa mazoezi yuko huku, na huko nyumbani angekuwa anashinda peke yake ukiwa shambani.

Nilimwomba Seleyian anionyeshe namna ya kumwinua mzee. Akaniuliza kwa nini nisimfundishe mzee kujiinua.

Basi nikatandika godoro chumbani kwa Baba, nikajiangusha na ukubwa wangu huu, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akajaribu mwenyewe. Ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko, apige magoti, ashike kiti, atangulize mguu wenye nguvu. Mara ya kwanza alinitukana kwa Kibukusu, na wewe unamjua akianza. Lakini hakuacha. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulirudia, Elsie akiosha vyombo pale nje.

Jumanne iliyopita Elsie alipeleka uji akamsikia yuko chini. Hakuingia. Aligeuza uso ukutani, akaanza kumwelekeza.

"Baba, geuka ubavu kwanza," alisema. "Pole pole. Sasa magoti, ushike kiti. Weka mguu wa kulia mbele, uiname, ndio usimame."

Kumbe maneno yote alikuwa ameyashika akiosha vyombo vyake. Alisikia kiti kikilia, kisha nyayo zikija mlangoni. Halafu Baba akauliza kama uji umepoa.

Kwa hivyo Agosti karibu sana, Senge, lakini uje kututembelea. Nitakuchinjia kuku, na ukitaka nitakuonyesha namna ya kubeba kuni bila kuumiza mgongo.

Nisalimie Wanyonyi, Shirleen na mama Melvin. Mungu akulinde, akupe pumzi ya kutosha na mavuno ya kujaza ghala.

Baba ameketi hapa kando yangu na amekataa nifunge barua kabla sijaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie dada yangu, mkwe wangu ameniinua, na hajanigusa."

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye siku zote,
Elphas