Mahali Dada Veronika Alipokaa Kula

Furaha mjukuu wangu,

Tuko wazima. Baba yako, mwanangu anayewashinda wote hapa Uvira, ameezeka nyumba mabati. Unaniuliza ni matunzo gani hasa yanayoponya muntu wa hasira za kugeuka-geuka.

Miaka ile ya hamsini, bwana wa dada yangu Veronika alikuwa hivyo. Mganga wa Rurambo alimnywesha dawa, akatangaza amepona. Kisha katekista wa Kiringye alizungumza naye kiangazi chote, halafu katekista huyo akajisifu kwamba amemponya.

Nikamwambia, "Dada bado anakula mlangoni, tayari kukimbia."

"Weye unabisha tu!"

Lakini katekista alirudi kwa shemeji, wakazungumza mwaka mwingine, hadi miye nikamkuta dada anakula ndani kabisa, ameupa mlango mgongo.

Umeandika kwamba swali ni la shule tu. Sawa. Lakini bwana wako akiwa nyumbani, weye unakula umekaa wapi?

Nyanya yako, anayesubiri jibu.