Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Jumatatu, 6 Machi 2023
Vipele havijaisha, sasa ni wiki mbili. Shingoni mwa mwanangu Bijou, mgongoni, hadi nyuma ya masikio. Sijasahau mwaka jana — sindano moja ya penisilini, uso ukavimba mpaka macho yakafunga. Muuguzi aliandika kwa bic nyekundu kwenye fishi yake ya hospitali: ASIPEWE TENA. Lakini safari hii hajapewa dawa yoyote. Basi ni chakula. Na mimi najua ni kipi: maziwa ya unga ya Donatien! Anayauza kwa kikombe, kutoka mfuko usio na jina. Nilimuuliza yametoka wapi, akasema Ulaya. Ulaya gani? Akacheka. Simwamini mtu anayecheka akiulizwa.

Jumanne, 7 Machi
Baba yangu, Papa Léopold, ameshuka kutoka Nyantende na bidon yake ya maziwa, kama kila Jumanne na Ijumaa. Maziwa ya ng'ombe wa mahari yangu, anayekula nyasi tu. Mume wangu Patrice alisikia redioni kwamba Wazungu huyaita bio na huyapenda kuliko yote. Nimeamua: Bijou atakunywa ya Papa peke yake.
 Mama mkwe Agnès ndiye ananunua ule unga tangu alipohamia kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 9 Machi
Vimezidi. Kope zimevimba. Nimefungia unga ndani ya valizi ya nguo, sasa anaupata wapi? Kuna mtu anampa kwa siri. Nimenusa kikombe cha mtoto. Nimenusa vidole vya mama mkwe nikijifanya namsalimia. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 10 Machi
Mama mkwe aliniona nikinusa. Hakukasirika. Alisema: "Monique, mimi siko mulozi, siroge mutoto. Tega mashanza, utaona."
Kwao kijijini Walungu, ukitega mashanza, yaani maziwa ya mgando, yenye kitu ndani hukataa kuganda. Nimekubali haraka — Donatien ataumbuka! Mabakuli mawili: moja la unga uliokorogwa, moja la maziwa ya Papa ya leo. Tumechemsha, tumeacha yapoe, kijiko kimoja cha mashanza ya zamani kila moja. La Papa nimelifunga uzi mwekundu. Yako chumbani kwangu, na ufunguo nimeuficha kwenye sidiria.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya misa nimefunua.
La unga limeganda, zito, safi. La uzi mwekundu ni majimaji vilevile nilivyoliacha.
Kwanza nilifikiri mama mkwe amebadilisha mabakuli. Kwa ufunguo upi? Nimekaa chini. Nimeogopa.

Jumatatu, 13 Machi
Nimempigia Venant, mdogo wangu anayeishi na Papa. Nikauliza juu juu tu, ng'ombe hajambo? Akasema iko muzuri sasa.
Sasa?
Ikabidi aseme. Chuchu zilivimba. Tangu wiki tatu daktari veterineri anamchoma penisilini. "Papa alikataza tukuambie. Anasema ngombe ya mahari yako ikikufa, atakuangalia na macho gani?"
Wiki tatu! Na mimi niliondoa maziwa mengine yote, nikamjaza mwanangu hayo hayo yenye penisilini, kwa mkono wangu. Nimelia. Simu ya Papa imezimwa tangu asubuhi. Patrice sijamwambia.

Jumanne, 14 Machi
Naandika nimesimama jikoni. Papa amewahi kufika, matope hadi magotini, mvua yote ile imemnyeshea njiani. Nilijiapiza nimwambie mlangoni. Nikapokea bidon, nikasema aksanti papa. Mwoga mimi!
Marehemu Mama alizoea kusema: binti anayerudisha maziwa ya ng'ombe wa mahari yake amemwambia baba yake kwamba hana mzazi.
Mama mkwe sijamwomba msamaha. Anajua kila kitu. Jana alikula mashanza ya unga na bugali, akanibakizia nusu.
Bijou yuko mapajani mwa Papa. Papa anavipapasa vipele, anasema ni meno. Anaomba kikombe cha mtoto, amnyweshe mwenyewe kama kawaida.
Mama mkwe amekitoa kabatini. Hakumpa. Amekileta huku jikoni, amekiweka mbele yangu, kitupu.
"Muambie weye. Iko papa yako."
Anangoja. Sebuleni Papa ananiita: "Monique, mutoto iko na kiu."