Mbwa Mzee na Figo ya Mama Yako

Mwende mjukuu wangu,

Kabla ya salamu: nimekojoa! Figo ya mama yako inafanya kazi ndani yangu! Babu yako amecheka mpaka machozi. Huku Nuu mvua imenyesha.

Uliuliza kama mwili wangu utaikataa. Daktari anasema kinga ya mzee haina ukali kama ya kijana. Nikakumbuka mbwa wetu wawili nikiwa msichana. Baba alinunua mbuzi huko Makindu. Mbwa mdogo akataka kumrarua, yule mzee akamnusa tu, akalala. Tulimsifu sana! Wiki iliyofuata mbweha akapita mbele ya mbwa huyo huyo mzee, akabeba mtoto wa mbuzi.

Kwa hivyo dawa nameza, mikono naosha. Njoo Desemba! Lakini ukiwa na mafua, nisalimie ukiwa mlangoni. Mbwa wangu wa ndani, hiyo kinga, amezeeka. Sasa kubweka ni kazi yangu.

Susu wako,
Syombua