Baba Yenu na Mashua ya Matumbo Mawili

Wanangu, maharage yako jikoni, yapasheni moto. Nguo zianueni mapema.

Nimekwenda na baba yenu kwenye maonyesho ya mashua. Asubuhi muuzaji wa mashua alinipigia simu: "Mama, mzee wako hakosi onyesho hata moja, anaizunguka katamarani ile ile, ya matanga na matumbo mawili. Anasema wewe ndiye unayeitaka."

Mimi, ninayetapika hata kwenye kivuko. Nilipombana baba yenu, akanywea: "Niliogopa ungenicheka." Kweli nikacheka, naye akaiacha chai yake mezani. Roho ikaniuma.

~~Nakwenda kuikataa.~~ Nakwenda kuiona tu. Ndimu msizitafute, nimezibeba zote. Muuzaji ameahidi kututembeza majini.

Mama yenu