Kwa Pua, Mlinzi wa Visu vya Babu

Mwaka umezunguka, mjukuu wangu, tangu asubuhi ile ulipolala kwenye sakafu ya bucha na damu yako ikachanganyika na maji ya kuoshea nyama. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, taratibu, kama ulivyonifundisha. "Bibi, usiikabe kalamu, haikimbii." Wanaosoma watanivumilia.

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Kila mtu alikuita Pua, hata mwalimu wako. Jina hilo lilitoka kazini. Kabla hujazaliwa, mkata nyama mmoja alikuja kazini amelewa, akajikata vidole. Tangu hapo babu yako akaweka sharti: hakuna anayeshika kisu buchani kwake kabla hajampulizia pumzi usoni. Akiridhika alisema, "Hana kitu. Mpe kisu." Uzee ulipomnyang'anya babu uwezo wa kunusa, ukasimama wewe mlangoni, Jumamosi na siku za likizo.

"Haya Mbavu, pulizia," ulimwambia mkata nyama wetu, yule mwembamba.

"Nimekula kitunguu tu, bosi."

"Kitunguu gani hicho kinachokuyumbisha? Kakae nje, unywe maji."

Lakini maneno hayo uliyasema kwa sauti ya chini, wateja wasisikie, kisha ukampelekea kiti kivulini. Na jirani yetu asiye na meno ulimfungia nyama laini bila yeye kuomba. Hayo niliyaona, ingawa ulidhani nasinzia.

Mdogo wako alikuwa na miaka kumi na mitano. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa nyumbani kwa rafiki yake. Vijana walitia pombe kali kwenye chupa za soda ili wazazi wasijue, wakashindana nani atamaliza kwanza. Alishinda yeye. Asubuhi alikuja buchani kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa na Pua. Wa nyuma ulikuwa wa watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani hatukuwa na desturi ya kuwanusa.

Alichukua kisu cha kutolea mifupa kwenye beseni, akaanza kulikatakata paja la ng'ombe lililoning'inia kwenye kulabu, huku anacheka.

"Bwana mdogo, weka kisu," Mbavu akamwambia.

"Unaniamrisha mimi? Kwenye bucha ya babu yangu?"

Akampiga kichwa cha uso. Mbavu akatema jino. Mdogo wako akaisukuma mizani, ikapasua kioo cha mbele, vipande vikawarukia wateja. Mama mmoja alikanyagwa mlangoni. Watu wakapiga kelele, na kelele zikazidi kumpandisha hasira.

Wewe hukupiga kelele. Ulitoka mbele ukanyoosha mkono, ukasema, "Mdogo wangu, nipe. Twende ukaoge kabla baba hajaja."

"Na wewe unajifanya mkubwa!"

"Nipe tu."

Akarusha mkono kama mtu anayefukuza nzi. Kisu kikaingia juu ya paja lako, karibu na kinena. Kila mkata nyama anaujua mshipa unaopita hapo. Damu iliruka mpaka kwenye vigae vya ukuta. Mbavu, na mdomo wake uliopasuka, alikunja aproni yako, akaikandamizia jeraha kwa magoti yote mawili. Mdogo wako akateleza kwenye damu yako, akaanguka, akatapika, akacheka tena.

Ndipo wanaume wa mtaani wakaingia. Walimpiga kwa viti, kwa kreti, kwa mateke. Mmoja akaichomoa kulabu ukutani. Na wewe, midomo yako imeshakuwa myeupe, ukasema, "Msimpige. Hajui alipo."

Babu yako, aliyekuwa kwenye kiti chake pembeni, alikusikia. Alijilaza juu ya mdogo wako, akapigwa yeye. Mgongo wake haujanyooka mpaka leo. Hospitali hukuifikia, Pua wangu.

Siku ya kukuzika, baba yako alisema, "Nazika wawili." Akaapa kwamba akimwona yule mtoto atammaliza kwa mikono yake. Mama yako akawa anaosha nguo zako ambazo zilikuwa safi.

Nimekuwa nikienda kumwona mdogo wako kule kwenye shule ya kurekebisha watoto. Mara ya kwanza aliniambia, "Bibi, mimi sikumbuki. Nakumbuka chupa, halafu nakumbuka pingu. Niambie nilichofanya. Usinifiche." Nikamwambia yote, nimeshika mikono yake. Alijipigiza kichwa ukutani mpaka walinzi wakaja. Daktari wa pale alinieleza kwa upole kwamba akili ya mtoto wa umri ule bado inajengwa. Pombe huondoa kwanza breki, kisha huzima kumbukumbu, na mtoto anabaki na nguvu zake na hasira zake tu. Wengine, alisema, hawaui mtu. Wanalala wakasongwa na matapishi yao, wasiamke.

Tangu siku ile, kila ninapofika getini, mdogo wako hunisogelea, hufungua mdomo na kunipulizia. Hakuna aliyemwagiza.

Juzi nilipokaa kuandika haya na kuwataja wanaokukumbuka, baba yako alikuja akasimama mbele yangu.

"Mama, ukimwandika huyo, nifute mimi."

"Basi twende ukamwambie mwenyewe kwamba si wako."

Sikudhani atakubali. Akaja. Njia nzima ngumi zake zilikuwa zimekunjwa magotini. Mdogo wako alipomwona alirudi nyuma hatua moja, lakini alikuja. Baba yako akamkamata ukosi wa shati, akainua mkono. Mlinzi akatupa kiti chake akawakimbilia. Na mdogo wako, machozi yanamtiririka, badala ya kujikinga akafungua mdomo akampulizia.

Mkono ukabaki juu. Kisha baba yako akainamisha uso, akanusa.

"Hana kitu," akasema.

Maneno ya pili ya babu hakuyasema, na pengine hatayasema kamwe. Lakini ukosi ule hakuuachia mpaka muda wa wageni ulipokwisha. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Mwandike. Mwisho kabisa, lakini mwandike."

Siku hizi mlango wa nyuma wa bucha nao una mtu. Mama yako ndiye anayesimama pale, na hata mimi bibi mzee nampulizia. Mzazi unayesoma, usimnuse mtoto wa jirani ukamruka wa kwako.

Tunaokukumbuka ni babu yako, mwenye mgongo uliopinda. Mimi bibi yako. Baba yako na mama yako. Shangazi yako aliyekusuka nywele siku uliyolazwa kaburini. Mbavu, ambaye hajaonja pombe tangu siku ile na ameihifadhi aproni yako. Na mwisho kabisa mdogo wako, ambaye asubuhi ile haikumbuki, lakini wewe anakukumbuka kila anapovuta pumzi.

Pua wetu, siku zote za maisha yetu tutakuwa nawe.