Ua la Mpakani kwa Wawira wa Githongo

Mpwa wangu Wawira,

Nakusalimu kutoka huku kwetu Embu, upande ule wa mlima unaopata jua kwanza. Barua hii sikuifunga. Mamako ataisoma, dada zake wataisambaza kwa simu, na huko Githongo mwenye macho asome. Sina siri. Nina wivu, na mtu mzima akiwa na wivu afadhali aseme kuliko kununa kwenye sherehe za watu.

Unakumbuka likizo za zamani, ukiletwa kwa cucu, nyanya yako, mama yangu mimi? Nilikuwa nikienda mpakani kukata majani ya ng'ombe, nawe nyuma yangu kama mkia. Mvua ikishanyesha, itoka, ua la kuwekea mipaka, lilikuwa linachanua pale kati yetu na jirani, jeupe lenye mistari ya waridi, na jioni harufu yake inafika mpaka jikoni. Siku moja ukachuma ua moja ukaliweka sikioni. Cucu akatoka na mwiko mkononi.

"Nani amechuma askari wa shamba?"

Nikasema ni mimi. Mwanaume mwenye ndevu, nikapigwa mwiko mgongoni, na wewe ulikuwa unacheka chini ya miti ya kahawa. Jioni hiyo nikakueleza kwamba kuna mwizi wa ardhi aliwahi kung'oa itoka akalipanda mbele zaidi, na usiku ua likarudi lenyewe kwa miguu. Nililiona kwa macho haya. Uliamini mpaka ulipoingia chuo, ndipo ukaanza kuniuliza maswali.

Basi ukaolewa Umeru, mkajenga, ukaamua bustani yako iwe ya mimea ya kwetu tu, hakuna cha kuletwa na meli. Ukanipigia simu.

"Mjomba, nimepata yote, imebaki itoka. Watu wameweka waya na mawe ya sarveya, ua limekwisha."

"Hilo niachie mimi. Hakuna mmea wa mlima huu usionijua kwa jina."

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia wewe kwanza."

Hilo neno "kwanza" nililala nalo kama blanketi.

Nilitafuta, Wawira. Nilishuka Mbeere kwenye joto la kuchemsha yai mfukoni, nikakutana na chatu aliyekuwa mrefu hivi kwamba kichwa chake kilinisalimu asubuhi na mkia ukanisalimu baada ya chakula cha mchana. Nilipanda hadi ukingoni mwa msitu, ndovu akanipisha njia mwenyewe, akasimama kando kama mtu aliyelelewa vizuri. Itoka, hakuna. Niliuliza wazee, niliuliza wauza miche, mmoja akanionyesha vitunguu maji.

Ndipo ikafika siku ya kuombea nyumba yenu. Nilikuja na jogoo, yule mwekundu, na ndizi. Nikajisemea, ua nitaleta baadaye, msichana wangu atangoja. Kumbe hukungoja. Mchungaji alipomaliza, ulimwita mbele Mzee Mutwiri, mjomba wa mume wako, mwenye pikapu na ile kofia yake. Ukamshika mkono. Ukasema mbele ya watu wote, "Huyu ndiye mjomba wangu wa maua. Amenitafutia itoka mpaka akalipata." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nimebeba jogoo.

Mjomba wako wa maua! Yeye alitoa mgongo gani kwa ajili yako? Mwiko upi ulimpata?

Baadaye akanifuata kwenye foleni ya chakula cha mukimo. "Pole mkwe, nasikia nawe ulikuwa unalitafuta."

"Nilikuwa natafuta kubwa," nikamjibu.

Nilipoona hakuna mtu nilienda nikalinusa hilo lake. Lilikuwa na ua moja tu, na harufu yake unaiomba. Lakini niseme haki, ni itoka. Ningetamani lisiwe.

Nilirudi nyumbani chakula hakipiti. Kila nikifumba macho naona mkono wako kwenye mkono wa koti la Mutwiri. Mwishowe mke wangu akachoka na mimi.

"Wewe umezunguka mlima mzima, na ua liko nyuma ya choo cha jirani yetu Njeru."

"Choo kipi?"

"Njeru ana vyoo vingapi? Pale mpakani, ndani ya kichaka. Ningekuambia mapema, lakini ulikuwa unatuambia habari za chatu."

Nikaenda. Nikafyeka kichaka. Lilikuwepo, Wawira, fungu zima, majani mapana kama mishipi, limesimama palepale cucu alipoliacha. Mimi na Njeru tulikuwa hatusemezani tangu tawi la parachichi langu lianguke juu ya mabati yake, ndiyo maana upande ule hakuna aliyefyeka.

Mke wangu akasema, "Chimba, Njeru yuko sokoni."

Sasa hapo ndipo ujue mjomba wako ni nani. Jembe lilikuwa mkononi na wivu ulikuwa kooni, lakini la mpakani halichimbwi na mtu mmoja. Ukichimba peke yako, hata kitunguu kimoja cha mzizi wake, umesogeza mpaka, na laana yake inakwenda mpaka kwa unayempelekea. Ningekupelekea nini basi? Nikaketi kwenye jiwe nikamngoja Njeru arudi.

Akaniona kwa mbali akasimama. "Nyaga! Umekuja kusogeza mpaka au kuangusha mti mwingine?"

"Nimekuja kukuomba."

"Wewe? Kuomba? Wacha nikae kwanza."

Nikamweleza yote, mpaka pikapu na makofi. Alicheka akashika ukuta. "Kwa hivyo unapigana na Mmeru kwa maua. Na mimi nitapata nini?"

"Nitakulipia mabati."

"Mabati nilishabadilisha. Mwambie Wawira limetoka kwetu wawili. Mimi pia nilimjua akiwa mdogo. Alikuwa ananiibia mapera."

Unaona mateso yangu? Natoka kwa Mutwiri naingia kwa Njeru. Lakini nikakubali. Tukasimama, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukachimba pamoja, tukaacha mama yake ardhini na kutoa mtoto mmoja mwenye mizizi mirefu. Tukarudisha udongo, tukaukanyaga wote wawili. Basi naandika kama nilivyoahidi: nusu ni ya Njeru. Ile ya juu.

Limefungwa kwenye gunia lenye unyevu, nami nakuja nalo Jumamosi. Usinitumie gari la mtu. Unichagulie mahali penye jua, na pasiwe karibu na lile lingine, yasije yakazoeana. Sikukatazi kumwita Mzee Mutwiri. Ni mtu mzima, ana mikono mizuri, na nyumba ya mume wako ni nyumba yake. Ila uchungu niliousikia siku ile sijawahi kuusikia, na mimi nimewahi kung'olewa jino na fundi wa baiskeli.

Jambo moja ujue mapema. Itoka likihamishwa linanuna. Linaweza kukaa mvua hii na ile bila kuchanua, majani matupu tu, na wageni wataliruka kwenda kusifia la mwenzake. Usiling'oe. Litahitaji mtu wa kuja kulitazama mara kwa mara, kulipalilia, kunywa chai na wewe, kisha kusema "bado" na kurudi Embu. Mtu huyo nimeshampata. Nafasi anayo.

Ni mimi,
Mjomba wako Nyaga, ndugu ya mamako