Saa Haijifanyi Kuchechemea

Sidonie, shoga yangu, wageni wametoka sasa hivi. Bado niko kitandani nilikowapokelea, kama desturi yetu mabibi wa Paris, na hasira haijaniisha!

Padre Hennequin! Yule niliyempa kiti cha karibu na mto wangu wa kulalia, kiti ambacho wasomi wote wa Paris wanakililia!

Unakumbuka aling'ang'ania kwamba mbwa ni mashine tu, kama saa? Mimi ndiye niliyembishia. Nikamwonyesha jinsi mbwa wangu Fanfan anavyojifanya kuchechemea ili apewe biskuti. Nikamwambia, saa huharibika, lakini haidanganyi.

Leo kayasema maneno yangu hayo hayo mbele ya watu, eti kayawaza yeye! Chumbani KWANGU! Kwa kumtumia mbwa WANGU!

Wakampigia makofi. Kisha akanigeukia, polepole, kama anayemlisha mtoto uji: "Bibi Markizi, umenielewa, au nirudie? Falsafa nzito hii kwa wanawake."

Eti arudie kunieleza! Mimi!

Nikamjibu, "Nimekuelewa vizuri, Padre. Hata Fanfan hujifanya ili apate biskuti. Ila yeye akichechemea, angalau mguu ni wake."



Kile kiti sasa kakilalia Fanfan.